Daftari la Makaburi, Jinja

Nilitumwa na manispaa kuhesabu wafu.
Siku tatu, nauli ya boda, kalamu mbili
na daftari la kale lililotolewa stoo
likiwa limeliwa na mchwa kuanzia pembeni.
"Tuletee idadi," alisema mhandisi,
"barabara ya kiwanda haisubiri."

Getini nilimkuta Nangobi akianika mihogo
juu ya jiwe la Kaetano Fonseka,
karani wa stesheni, homa, miaka ishirini na tisa.
"Hili ndilo lenye jua," akanieleza.
"La yule hakimu lina kivuli cha mvule hadi saa sita."
Alivyowataja, ungedhani ni wapangaji
wanaodaiwa kodi, ila wapole.

Daftari lina safu tatu.
Ya kwanza ina majina kamili na la ukoo,
na mji wa kuzaliwa, ng'ambo, na aya ya Biblia.
Ya pili ina jina moja na kazi:
fundi cherehani. Mnunuzi wa pamba.
Mke wa mnunuzi wa pamba.
Ya tatu haina majina. Ina vijiti.
Vinne wima, cha tano kimelazwa juu yao
kama kuni zilizofungwa tayari kubebwa.
Machi: vijiti kumi na saba. Malale.
Aprili: ishirini na kitu; hicho kitu mchwa wamekila.
Pembeni, kwa wino uliochujuka:
wapagazi, njaa.

Hao ndio waliobeba cherehani,
na meza ya kwanza ya mahakama, miguu juu,
na kinanda cha kanisa kilichofika kimelowa
kisilie sawasawa hata siku moja.
Mji ulipanda vichwani mwao
kabla haujajua kusimama.
Waanzilishi wakaitwa wale
waliotembea mikono mitupu.

Siku ya pili niliona jambo.
Chini ya kila ukurasa pana alama ya dole,
gumba la kulia, lenye kovu linalokatiza mistari
kama njia ya mkato shambani.
Dole hilohilo, miaka ishirini na sita.
Kando yake: mchimbaji, Rehani Fadlalla.
Mnubi. Askari aliyeachwa na jeshi lake
akapewa jembe mahali pa bunduki.
Hakujua kusoma,
hakujua safu zinasemaje.
Futi sita kwa hakimu.
Futi sita kwa kijiti.

Ukurasa wa mwisho una kijiti kimoja, basi,
na chini yake
hapana dole.

Nikamwuliza Nangobi. Akaacha kugeuza mihogo.
"Bibi yangu alisema yuko ukutani kule,
pale tusipofyeka."
Kwa nini hamfyeki?
"Tunaona haya. Alilichimba mwenyewe, wanasema,
akatubakizia kufukia tu.
Na hata hiyo, wanasema, ilifanywa ovyo."

Nilienda. Majani yalinifika kiunoni.
Palikuwa na bonde dogo, urefu wa mtu mrefu,
udongo umeketi kama godoro la zamani.
Nilisimama sijui nisome nini,
nikasoma Fatiha, niliyoishia katikati
kwa kuwa mimi ni Mlokole
na jirani aliyenifundisha alihama.

Siku ya tatu sikuhesabu tena.
Niliandika vijiti, kurasa tatu na nusu:
hakimu kijiti, Fonseka kijiti,
mke wa mnunuzi wa pamba kijiti,
wote urefu mmoja, nikiwapima kwa jicho.
Chini yake nikabonyeza dole langu
kwenye kile kidau cha wino wa mihuri.

"Jumla?" akauliza mhandisi, akipekua.
Nikamwambia, hesabu.

Jioni ilinyesha ghafla kutoka upande wa ziwa.
Nilimfikiria Nangobi akikimbilia mihogo,
akikusanya kwa kanga, haraka haraka,
huku akimwomba Fonseka radhi
kwa kumkanyaga.