Gauni la Ubatizo

Mimi, Tordis, mshonaji wa chumba cha kaskazini,
nimeijua nasaba ya mfalme kwa pindo,
si kwa vitabu vya makatibu.
Wao waliandika: Ragnvald, kwa neema ya Mungu
Mfalme wa Halmoe, Bwana wa Visiwa vya Chumvi
na ngome arobaini.
Mimi niliandika kwa chaki, upande wa ndani wa kitambaa:
bega la kushoto limeshuka, ongeza pamba.

Malkia Sidonia aliletwa wakati wa theluji,
ana miaka kumi na sita na mbwa mmoja,
hajui neno la kwetu ila "mkate" na "ndiyo".
Wanawake wa mjini walikionea kijicho
kile kitanda chake cha mapazia ya dhahabu.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
mimi ndiye niliyezitia viraka shuka zake.

Gauni nililishona mwaka ule wa kwanza:
hariri nyeupe, lulu mia na nne kifuani,
refu mara tatu kuliko mtoto,
ili mabalozi waone ufalme una mkia mrefu.
Ulf alilivaa, akalitapikia.
Nikaliosha kwa siki.
Ebba alilivaa, akalala fofofo
hata askofu alipommwagia maji.
Kisha mapacha, mmoja baada ya mwingine,
gauni lina joto bado la yule wa kwanza.
Kufikia Pasaka nilikuwa nimeshona sanda mbili
kwa masalia ya hariri ileile.

Malkia hakulia mbele za watu.
Alishuka kwangu, akaketi juu ya kikapu cha vitambaa,
akaniomba kazi.
Nikampa vifungo avichambue,
vyeupe huku, vyeusi kule.

Mfalme alikuwa vitani, au mawindoni,
au ameinamia ramani.
Alirudi kila vuli,
na kila kiangazi nilifumua mishono ya kiuno.

Ebba alipotimiza miaka kumi na mitatu
aliandikwa kwenye mkataba wa amani, kifungu cha tano,
baada ya ushuru wa chumvi, kabla ya mpaka wa mto.
Bwana harusi hakuja.
Alikuja balozi wake, mzee mwenye jongo,
akavua soksi moja mbele ya mashahidi,
akaingiza goti tupu chini ya shuka la msichana,
akahesabu hadi kumi,
akalitoa.
Basi, wameoana.
Ebba alinitazama, anabana kicheko;
nami nikabana changu.
Usiku ule alitapika mpaka alfajiri.
Aliondoka na magari ya farasi kumi na mawili,
na ndani ya sanduku la saba, gauni.

Lilirudi baada ya miezi kumi na minne,
limekunjwa na mikono isiyojua kukunja,
lulu zote mia na nne, bila doa.
Hapo nikajua.
Nguo iliyovaliwa na mtoto haiwi safi hivyo.
Barua ilikuwa ndefu. Mimi sisomi.
Malkia alishuka, akaketi kikapuni.
Safari hii hakuomba vifungo.
Nikampa vivyo hivyo.

Mfalme alikuja usiku wa tatu, peke yake, bila wigi,
kichwa kidogo, nywele chache kama za kifaranga.
Akalitandaza gauni magotini,
akaanza kuwahesabu waliolivaa, kidole kwa kidole:
Ulf. Ebba. Sten na Birger. Hedvig.
Akakwama.
Mtu huyu huzitaja ngome arobaini
bila kuvuta pumzi.

"Wa sita ni Alvar," nikasema.
"Siku tatu, wakati wa mavuno.
Wewe, Bwana, ulikuwa ng'ambo ya mto."

Alvar, akasema.
Akalirudia, taratibu,
kama mgeni anayejifunza kuomba mkate.

Nje walinzi walipokezana zamu.
Nikamwomba ainue kiwiko kidogo;
alikuwa ameulalia mkasi wangu,
na kulikuwa na kazi ya asubuhi.