Mavi ya Shaba

Tuliufuata Kafubu tangu alfajiri, mimi na Ngosa,
viatu vyake vipya vikimng'ata kisigino,
karanga ndani ya mkoba wa shule wa mwanawe.
Nyuma yetu dohani la Lubumbashi
likawa kidole, likawa sindano,
kisha miombo ikalimeza.

Mto ulijikunja kushoto, ukajificha matetini,
ukaibuka tena tusipoutarajia
kama mdeni aliyedhani umeshaondoka.

Kwenye kichuguu cha nne Ngosa akavua viatu.
Hatua ya tatu, yowe:
jiwe jeusi, zito, lenye matundu,
ukijani umeganda pembeni.

Mavi ya shaba.

Tukapiga magoti, tukafyeka nyasi kwa mikono.
Duara la udongo ulioungua,
kipande cha mrija palipopita pumzi ya mivukuto,
na majivu, au kitu kilichokuwa majivu
kabla babu wa babu hajapewa jina.

Ngosa hufundisha historia. Miaka kumi na tisa
amechora tanuru ubaoni, kubwa kama nyumba,
na watu wadogo kando yake.
Akapima kwa shubiri: nne, na vidole viwili.
Akapima tena.
"Nimewadanganya watoto," akasema, wala hakucheka.

Mama mmoja akapita na beseni la mihogo ya kuloweka,
akatutazama tulivyoinama.
"Mmepoteza nini?"

Hatukuwa na jibu la kumfaa.
Ngosa akalirudisha jiwe shimoni mwake,
ukijani juu,
tukageuka; yeye peku, viatu begani,
akitanua kiganja, akikikunja,
njia nzima.