Kipande Adimu Kwanza

Saa sita na dakika moja usiku, bando la bei nafuu limefunguka.
Kirumba, chumba cha nyuma cha duka la vocha:
feni inasukuma joto kona hii hadi ile,
nami naamua nani atangulie.

Masalu wa banda la video anataka filamu ya Kikorea iliyotafsiriwa.
Keshalipa nusu. Nabonyeza: Juu.
Kwaya ya Igoma wanataka ala tupu za mapambio matatu,
Jumapili haiko mbali. Juu.
Kabula, kidato cha nne, fizikia, sura ya mawimbi.
Hajalipa, lakini mtihani hausubiri deni. Juu.
Kila kitu kikiwa juu, juu ni wapi?
Laini ni moja, na wote wanasukumana
kama ndoo za Mabatini siku bomba linapokohoa.

Chini kabisa ya orodha, faili lisilo na mnunuzi:
shangazi_nyangeta_mipaka.
Dakika arobaini. Bwire alimrekodi kule Nansio
kwa simu yenye kioo kilichopasuka,
akitaja shamba linaanzia mwiba gani, linaishia jiwe gani,
nani alimzaa nani,
na nani tulimsingizia bure.
Miezi saba nimeliacha kwenye Chini.
Nilijiambia, shangazi hana haraka.
Kweli hakuwa nayo. Tulimzika Machi.

Nakala nzima duniani iko kwenye kompyuta ya Bwire tu,
inayoamka betri ya sola ikishiba,
inayozimika bila kuaga.
Asilimia tisini na moja. Imegoma hapo
kama ng'ombe aliyeuona mto.

Usiku huu nimewashusha Wakorea.
Nimeishusha kwaya, Mungu ananiona.
Kabula nimemwacha palepale; shangazi angenichapa.
Kisha nikakaa natazama idadi ya vyanzo:
sifuri.
Nimemwandikia Bwire: Washa.
Amelala. Ana haki.

Programu hii ina akili ambayo sikuifundisha mimi.
Haianzi mwanzo wa faili.
Hutafuta kwanza kipande walichonacho wachache;
vilivyojaa kila mahali, itavikuta.
Mimi nilikimbilia kilicho kwa kila mtu,
nikakiambia kisicho kwa mwingine: ngoja.

Saa kumi na dakika ishirini sifuri ikawa moja.
Tisini na mbili. Tisini na tano.
Betri ya Bwire, vumilia.
Tisini na nane,
halafu moja ikarudi kuwa sifuri,
na nje wachuuzi wa dagaa wakaanza kuitana.

Nikalifungua hivyohivyo, na matundu yake.
Kikohozi. Kuku. Sauti yake, karibu mno:
"Mpaka wetu na akina Mkama ni pale kwenye..."
Kimya.
Kisha kicheko, kirefu, cha jambo nisilolijua.

Nikaliacha wazi, atakaye achukue.
Tisini na nane zangu, pamoja na mia za Bwire:
si mmoja tena, ingawa bado hatujafika wawili.

Masalu anagonga dirisha. Filamu yangu?
Iko kwenye foleni, namwambia.