Kisanduku cha Nne

Tarehe thelathini Juni dhamana inakwisha.
Nimeizungushia duara jekundu kwenye kalenda ya duka la mbolea,
nikaketi barazani, hapa Cheyo, na kitabu cha sevisi mapajani:
visanduku vinne, mihuri mitatu ya wakala wa Mwanza,
ya buluu, imenyooka kama hesabu zangu za zamani.
Kisanduku cha nne kitupu. Kinanikodolea.

Miaka thelathini na mmoja nilitunza vitabu vya reli.
Mali bila daftari huisha bila habari, walisema,
nami niliwaamini kiasi cha kuandika hata bei ya chumvi.
Basi tuandike.

Kwenda Mwanza, kilomita mia tatu na hamsini na ushei.
Kulala Shinyanga, gari likinywa umeme kwa shemeji yangu Kabula,
ambaye luku yake huisha usiku na asubuhi hasemi kitu,
ananimiminia tu chai isiyo na sukari.
Sevisi yenyewe, laki tatu na themanini.
Na walichofanya mwaka jana, kwa mujibu wa risiti:
kichujio cha hewa ya ndani, kimoja.
Mafuta ya breki, yamepimwa.
Kompyuta, imeulizwa, imejibu.
Gari, limeoshwa.

Nyamizi alisoma risiti ile, akaikunja mara nne.
"Kwa hiyo umelipa ili gari lijuliwe hali."

Mihayo wa Ng'ambo angefanya kwa elfu hamsini.
Alianza na redio, zikaja bajaji za umeme.
Ana glavu nene za mpira, kanunua mwenyewe,
na mkono mmoja huuweka mfukoni akiwa kazini
ili umeme, anasema, usipate njia ya kupitia moyoni.
Nilimpenda kwa hilo.
Lakini alipoziona zile nyaya za rangi ya chungwa chini ya boneti
alirudi hatua, akafunga polepole,
kama mtu aliyefungua mlango akakuta wakwe wamelala.
"Breki, tairi, bushi, nipe. Hizi, mzee, bado sijazisomea."
Nani siku hizi hukwambia bure asichokijua?

Baba yangu alikuwa mgonga magurudumu, stesheni hii hii ya Tabora.
Treni ya Kigoma ikisimama, yeye na nyundo ya mpini mrefu,
behewa kwa behewa, ngo, ngo, ngo,
mpaka gurudumu moja limjibu kwa sauti ya chungu chenye ufa.
Hapo alisimama,
na treni nzima, na daraja lake la kwanza, ikasimama naye.
Hakuwa na muhuri. Alikuwa na sikio.

Gari langu halisemi.
Likiwaka halikohoi, likiumwa halitoi moshi;
hupita Isevya mbuzi wasigeuke.
Juzi usiku, Nyamizi kalala, nililigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole.
Likajibu bati.

Nimesoma maandishi madogo kwa kioo cha kukuzia.
Gari, miaka mitatu. Betri, minane,
iwapo.
Neno jembamba, limekaa katikati ya mstari kama karani mlangoni:
iwapo limekaguliwa na wakala, iwapo kwa wakati.
Na betri ni nusu ya bei ya gari,
ni lile banda la uani ambalo sikuliezeka.

Leo asubuhi nimepiga simu Mwanza.
Binti mwenye sauti tamu, tamu ya asali ya dukani,
si ya Sikonge, akauliza, "Tukuandikie wiki ijayo?"
Nikasema: ukaguzi wa betri peke yake, bei gani?
Kimya. Karatasi zikageuzwa.
"Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo, mzee."
Basi uliza wewe, mama. Nasubiri.

Ningali nasubiri.
Jumamosi Mihayo anakuja kwa ajili ya breki.
Nitamwomba atie sahihi na tarehe pembeni, nje ya kisanduku,
penye nafasi ambayo aliyechapa kitabu hakuifikiria.
Ndani yake nimeandika Mwanza,
kwa penseli.