Gurudumu la Nyuma

Mafao ya miaka thelathini na mmoja ya karakana ya reli
yote niliyaweka kwenye kitambaa, mbao
na injini moja ya mitungi minne.
Nyamizi hakupiga kelele. Aliuliza tu:
"Na hiyo nayo inakamuliwa?"

Niliikuta Urambo, nyuma ya ghala la tumbaku,
imekalia mkia, pua juu,
kama mbwa aliyeambiwa ngoja
na mwenyewe akahama mji.
Ilimwaga dawa ya mbung'o kabla sijazaliwa.
Panya walikuwa wamemaliza mkanda wa kiti,
na nyuki wamejaa bawa la kushoto:
tulirina ndoo mbili kabla ya kufungua skrubu ya kwanza.
Muuzaji akadai asali haimo kwenye bei.
Tukagawana.

Chuma nilikijua. Nilijua breki za behewa,
dizeli inayokohoa alfajiri,
vitu vya kwenda pale tu walipokwisha kulaza njia wengine.
Nguo sikuijua.
Nikamleta Tausi wa Kanyenye, mshona kanzu na kofia.
Alipima bawa kwa futi lake la shingoni, akacheka:
"Mwenye mabega haya anaoa lini?"
Akashona ubavu hadi ubavu, fundo kila inchi mbili.
Kisha ile rangi ya kukaza, koti baada ya koti,
ua mzima ukanuka ndizi zilizopitiliza,
nguo ikavutika hata ukiigonga kwa kidole
inakuitikia: du.

Magneto ilichukua miezi kumi na moja kufika.
Ilipofika, kabureta nayo ikaugua.

Mwalimu wangu, Kapteni Skolastika Ntakije wa Kasulu,
alistaafu ndege za misheni na goti moja bovu.
Siku ya kwanza hakuniruhusu hata kuiwasha.
"Uzito uko nyuma yako," alisema.
"Ukizubaa, mkia unataka kuwa kichwa.
Macho mbali. Miguu hai."
Basi nikawa napita uwanjani upogoupogo
kama mtu aliyetoka kwenye wanzuki,
maana pua imeziba kila kitu,
na mbele unakuona kwa kuchungulia pembeni.

Halafu Jumanne moja ya Septemba,
upepo wa mashariki, tumegusa chini vizuri,
nikashusha pumzi.
Hiyo tu. Pumzi moja.
Mkia ukazunguka, ncha ya bawa ikachora udongo,
vumbi likatumeza, injini ikanyamaza.
Kapteni alipangusa miwani.
"Ulifanya nini?"
"Nilidhani tumefika."
"Hujafika," akasema, "mpaka umeifunga kamba."

Tausi alikuja na sindano zake.
Chini ya rangi, pembeni mwa kiraka,
alidarizi ua dogo la kofia.
Mkaguzi hakuliona. Mimi najua lilipo.

Asubuhi aliyoshuka aliniachia kiti chake kitupu
na mkanda umefungwa juu yake usije ukanasa stiki.
Akachukua chupa ya chai, akakalia debe la oili,
akatazama kwingine kwa makusudi.
Nilisukuma mafuta.
Mguu wa kulia, kulia, kidogo kushoto,
na mkia ukainuka wenyewe,
na mbele, palipokuwa na bati na rivet tu,
pakawa na njia nyekundu yote mpaka mwisho.

Juu nilikaa dakika sita.
Niliona reli inavyoachana, hii Kigoma, hii Mwanza,
paa la karakana, dogo, lina kutu upande mmoja,
Igombe liking'aa kama sahani iliyosahauliwa nje.
Sikuwaza neno lolote la maana.
Nilikuwa nasikiliza mitungi: moja, mbili, tatu, nne.

Sasa usiku miguu yangu hukanyaga shuka,
kushoto, kulia, kushoto.
Nyamizi hunigusa bega gizani:
"Tua basi, tumefika."

Bado, mama. Kamba.