Kengele ya Saba

Mimi ndiye mwenye funguo.
Jumatano, saa tisa na robo alasiri,
masomo yakiisha na mvua ya milima ya Wales
ikiwa ndiyo kwanza inapamba moto,
nafungua ukumbi, nasogeza meza za chakula,
nafagia njegere zilizokanyagwa.

Maktabani wanacheza sataranji.
Osian, malkia wake akitekwa,
hushikwa ghafla na haja ndogo
na harudi mpaka mpinzani achoke.
Chumba cha pili ni udongo na mikono:
vikombe ishirini vimechomwa tangu Pasaka,
kinachoshika chai ni kimoja,
nacho ninacho mimi.

Lakini ukumbi ni wa kengele.
Kumi na mbili, za shaba, za kushika mkononi,
zinalala sandukuni kwenye mahameli ya buluu,
na kila mtoto ana yake, noti yake moja tu.
Bi Probert huwaambia:
"Wewe huna wimbo. Una sauti moja.
Wimbo tunao sote."
Nilimwambia hayo yanafanana na mahubiri.
Akasema la, ni hesabu.

Ya saba ilikuwa ya Heledd.
Mtoto wa kuhesabu kwa midomo,
moja, mbili, tatu, nne, hata akila.
Machimbo ya mawe ya paa yalipofungwa
babake alikaa miezi mitano
akitengeneza ua lisiloharibika,
kisha wakapakia gari, godoro juu,
wakashika njia ya Liverpool.
Glavu yake nyeupe ilibaki. Nimeifua mara mbili.
Kwenye gumba ina kiraka nilichokishona mwenyewe.

Asubuhi, kwenye ibada, Kasisi Meredydd,
buti zake zikiacha matope mpaka chini ya piano,
aliwaombea wasafiri. Hakutaja jina.
Watoto walilitaja, wote, bila kuambiwa,
hata nyaya za piano zikaitikia.

Bi Probert akatafuta mrithi.
Macsen akasema mkono unamuuma.
Tegwen akasema mkono unamuuma.
Siku hiyo shule nzima, roho thelathini na saba,
iliugua mkono.
Akanigeukia mimi. Nikamwambia
kengele ni nzito, nami ni mtu wa funguo.
Wahenga hawakukosea:
jino la pembe si dawa ya pengo.

Ikafika Jumapili ya Mavuno.
Kanisani makopo ya maharage yamepangwa hadi dirishani,
boga la mzee Gethin, kubwa kama ndama,
na mkate wa watoto wa upishi,
umeungua chini, umekalishwa juu ya ngano usionekane.
Wazazi mabenchini, makoti yakitoa mvuke.
Watoto kumi na mmoja wakasimama mstari,
wakaacha nafasi ya mabega mawili.

Wakaanza. Noti zikapokezana
kama ndoo za maji penye nyumba inayoungua,
na ilipofika zamu ya saba
pakawa kimya. Si kirefu.
Ngazi iliyokosa kipago kimoja.
Ubeti wa kwanza tulijikwaa sote pale.
Wa pili, tulijua pa kuinua mguu.
Wa tatu, Parry muuza nyama,
asiyekuja kanisani ila kwa mazishi na maboga,
akaiguna noti ile, chini chini, kombo kidogo.

Nilidhani watafurahi.
Tegwen aligeuka, akamtazama,
akatikisa kichwa: hapana.
Parry akanyamaza, mwekundu kuliko bucha lake.
Ubeti wa nne ukapita na pengo lake, salama,
kama walivyokuwa wamelipanga.

Jioni nilizifuta kengele moja moja.
Kwetu ni mwiko kushika shaba bila glavu.
Ya saba, ambayo haikupigwa,
ilikuwa na alama za vidole,
vidogo, vya watu wengi.

Nikairudisha kitandani mwake hivyo hivyo.
Kesho Jumatatu, klabu ya bustani,
na ufunguo wa banda umepotea tena.