Ramli ya Machi

Kila Machi, theluji ikiwa imechakaa kando ya barabara
kama shuka zinazotufikia kabla ya dawa,
tunapiga ramli ya besiboli
katika idara ya kufulia ya hospitali, kusini mwa Milwaukee.
Karatasi hubandikwa mlangoni mwa kikaushio namba tisa,
kilichokufa kabla sijaajiriwa
na hakuna aliyewahi kutabiri kitafufuka.
Tuko tisa, dola tano kila mmoja. Swali ni hili:
katika michezo mia moja sitini na miwili
timu ya mji wetu itashinda mingapi?

Wendell Hargrove ana kompyuta.
Amepima upepo, umri, viwiko vya warushaji,
akaandika: themanini na tatu nukta sita.
Nikamuuliza hiyo nukta sita ya ushindi inafananaje.
Ni mtu aliyekwama besi ya tatu,
anaona nyumbani, hafiki?
"Ni wastani, Sikudhani," akasema.

Geraldine Nowicki hahitaji hesabu.
Miaka thelathini na moja ya pasi imemfundisha mabega.
Anawatazama warushaji kwenye televisheni, wakipasha misuli Arizona,
anasema: huyu analala upande mmoja,
huyu ana deni, huyu mkewe kahama.
Kisha anaandika tisini.
Kila mwaka tisini.

Teofilo Cabán aliandika sabini na sita
akarudi kwenye foronya zake.

Mimi nilikulia Kilosa, mpira ni wa miguu,
na anayekimbia ameshika rungu hufuatwa na polisi.
Tena na jina hili langu, nitabiri nini?
Wakanishikilia. Nikaandika kwa lugha yangu,
wasielewe, wasinicheke:

    Timu yetu natabiri, mwanzo wake itawaka,
    mwezi Mei kwa kiburi, kileleni itafika,
    Julai ije hatari, mtu goti kuteguka,
    sabini na tisa, heri, mengine ni kuropoka.

Nilimfasiria Teofilo peke yake.
Akasema, goti usingelitaja.

Aprili waliwaka.
Mei, Saint Louis na Chicago wakila vumbi letu,
Geraldine alikuja kazini na kofia ya timu, jambo lililokatazwa,
na msimamizi akajifanya anasoma mita ya mvuke.
Julai goti likateguka kweli: la Geraldine,
ngazi ya nyuma, kikapu mkononi.
Teofilo hakuweza kunyamaza. Wiki nzima
walinipisha mlangoni kama niliyebeba tunguri.

Kisha timu ikamuuza mpigaji wake bora kwa Seattle.
Wakapewa kijana mmoja wa miaka ishirini,
na mwingine "ambaye jina lake litatajwa baadaye."
Nilidhani ni utani. Wendell akaapa
ndivyo mikataba yao inavyoandikwa.
Ijumaa ya wiki hiyohiyo kampuni ikamhamishia Teofilo tawi la Kenosha
na sisi tukaahidiwa mtu.
Jina, tukaambiwa, baadaye.

Hakuna karatasi mlangoni iliyokuwa na hilo.
Wendell alifungua kompyuta yake wakati wa chakula,
akaitazama, akaifunga.

Msimu ukaisha kwa ushindi sabini na sita.
Nikapewa bahasha niipeleke, kwa kuwa nina gari
na kwa kuwa, walisema, wewe ndiye mganga.
Nilimkuta mlango wa nyuma, amevaa aproni ya rangi nyingine,
jina la mtu mwingine bado limeshonwa kifuani.
Alihesabu dola arobaini na tano mara mbili,
akanirudishia tano.
"Za mwakani," akasema.
"Nikuandikie ngapi?"
Lori lilikuwa linarudi nyuma taratibu, likilia,
limejaa mashuka ya wagonjwa wa mji asioujua.
Alilipungia mkono: njoo, njoo, hapo basi.
"Tisini," akasema. "Mwambie Geraldine."